Kaka anasema sarafu ya mama nimeifanya sufuria

Shangazi, assalaam aleykum.

Saa tisa usiku hii, mume wangu analala, mie niko jikoni na simu. Leo siku ya nne sijapata usingizi. Nikifumba macho tu namsikia kaka: "Umeifanya sufuria." Angenifokea tukiwa wawili ningenyamaza, si mara ya kwanza. Lakini mbele ya mgeni, tena wifi kakaa pale na kikombe chake cha chai, akatabasamu.

Ni ile sarafu ya tembo, unaijua. Rupia kumi na tano ya Mjerumani, ya 1916, waliyoipiga Tabora kwenye karakana ya reli wakati Waingereza wamewafungia bahari na hela haziingii tena kutoka kwao. Dhahabu yenyewe ilichimbwa Sekenke. Babu yake mama alikwenda upagazi kwenye vita ile akarudi nayo. Pagazi alipataje dhahabu sijui, kila mjomba ana kisa chake. Mama aliivaa kidani tangu siku ya harusi yake mpaka uzee, halafu akaitoa kile kipete cha kupitishia mkufu akaiweka.

Mama katutoka mwaka jana. Kaka ndiye aliyemtafuta mnunuzi, mzee mmoja kutoka Dar, mtu wa kukusanya sarafu. Na kaka huyohuyo ndiye aliyenipigia simu siku moja kabla: "Iweke safi, mgeni anakuja." Nina ujumbe wake, sijaufuta. Nikaiosha. Maji ya uvuguvugu na sabuni, basi.

Yule mzee hakuwa na maneno mengi. Aliishika ukingoni kwa vidole viwili, akatoa kile kioo cha masonara, akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Akatazama kwanza lile ua upande wa tai, mkia wake unaishia chini ya herufi gani, maana ziko za aina mbili. Akaigeuza kwa tembo. Kisha akasema "imesuguliwa" akaiweka mezani. Kwenye simu alikuwa ametaja bei nyingine kabisa. Pale akatupa bei ya dhahabu ya kuyeyusha na nyongeza kidogo: gramu saba na ushei, robo tatu yake ndiyo dhahabu, hayo tu. Zilipigwa 16,198, akasema, kwa hiyo wanaozitaka wapo, lakini wanataka ambayo haijaguswa. Zile kampuni za Marekani za kupima sarafu zina daraja kuanzia 1 hadi 70. Sarafu iliyochakaa kwa kutumika wanaipa namba yake bila kinyongo, sikio la tembo likiwa limelainika wanashusha tu. Iliyosuguliwa haipewi namba, inaandikiwa kwamba imesafishwa, imekwisha. Nikamuuliza, sasa uchafu ndio bora? Akasema, mama, uchafu unasubiri, ngozi ikishatoka hairudi.

Ndipo kaka akalisema lile neno.

Shangazi, mie nauza chakula. Sufuria ndizo kazi yangu, nazisugua kwa majivu na mchanga kila alfajiri, na sufuria hizo ndizo zilizomlipia mtoto wake ada miaka miwili alipokuwa hana kazi. Sikumkumbusha. Nilitaka, lakini sikumkumbusha.

Basi nikuambie yote. Dawa ya meno nilitia. Kidogo, na mswaki laini, wa mtoto. Tangu utoto tunamwona mama akisafisha sinia za shaba kwa ukwaju mpaka zinawaka, nani aliyetufundisha kwamba dhahabu haitakiwi kuwaka? Tena upande wa tai tu. Upande wa tembo nilipitisha mara moja.

Mgeni hakuichukua, akasema anarudi Jumamosi tumpe jibu. Sarafu ikabaki kwangu maana kaka hakutaka hata kuigusa. Usiku ule nikatoa kioo cha mama cha kusomea msahafu, nikawasha tochi ya simu nikailaza pembeni, si juu. Ukimulika kutoka juu huoni kitu, dhahabu inakumeremetea tu. Mwanga ukiwa wa kulala ndipo mikwaruzo inaposimama. Nikaiona ya kwangu, naikubali: michirizi iliyonyooka, imekwenda pamoja kama nywele zilizochanwa, pale karibu na bawa la tai. Lakini chini yake ipo mingine. Myembamba zaidi, inazunguka, inamzunguka tembo mzima na tai naye pia, na ya kwangu imepita juu yake. Iliyokatwa ndiyo ya zamani, si ndiyo? Na herufi zake kingo zimelegea kama sabuni iliyotumika. Mswaki wa mtoto haulegezi herufi za dhahabu kwa dakika tano. Halafu ukingoni juu ya tembo pana baka lililopauka na alama za tupa: ni lehemu ya kile kipete.

Ina maana ni sonara. Sonara mmoja wa Ngamiani, keshafariki, Mungu amrehemu, alipoifanya kidani aliipitisha kwenye gurudumu la kung'arishia ili ipendeze harusini. Kaka hata hajazaliwa! Sarafu ilikuwa imekwisha kitambo, mie nimeosha maiti tu. Mgeni alisema imesuguliwa, hakusema jana. Kaka ndiye aliyesema jana.

Nilimpigia asubuhi nimweleze. Akasema, unajuaje ilivyokuwa kabla, una nyingine ya kulinganisha?

Shangazi, ninayo.

Zilikuwa mbili. Ya pili mama hakuivaa hata siku moja, ilikaa kwenye kijaluba ndani ya pamba. Alinipa mkononi, alisema "hii haijui mtu", na mie ndiye niliyekuwa namwogesha, namlisha, namgeuza usiku, kaka akija Idi hadi Idi. Hiyo ukiizungusha chini ya taa, mwanga unatembea juu yake kama mapanga ya feni inayozunguka polepole, unapita kwenye uwanja, unapanda juu ya tembo, unashuka. Sikio lina mikunjo yake yote. Kwenye kona za herufi pana uchafu mwekundu ambao sasa sithubutu hata kuupuliza. Ukiziweka pamoja hata mtoto ataona. Ile ya kidani inawaka kotekote sawasawa, kama imepakwa mafuta, mwanga wake umesimama palepale.

Nikimwonyesha atakubali si mie niliyeiharibu. Na atauliza hii imetoka wapi.

Usinielewe vibaya, sitaki pesa. Ningetaka pesa ningekuwa nimeshaiuza. Ingawa nilimuuliza yule mzee, hivihivi tu, isiyoguswa kabisa ingekuwa kiasi gani, na alichotaja kinajenga vyumba viwili. Ni hiba, mama alinipa akiwa hai, na hiba ukishakabidhiwa ni yako. Hilo nalijua. Lakini nilimsikia shekhe siku moja akisema anachokupa mtu katika maradhi ya mauti hesabu yake ni ya wasia, na mrithi hausiwi mpaka wenzake waridhie. Sasa mama alinipa wiki tatu kabla. Alikuwa kitandani, kweli, lakini uji alikuwa anakunywa kwa mkono wake mwenyewe, na alikuwa anamfokea mtoto wa jirani kwa mpira. Hayo nayo ni maradhi ya mauti? Na ikiingia kwenye mirathi kaka anachukua mafungu mawili, mie na mdogo wangu moja moja. Mdogo wangu yuko Muheza, hajui lolote, wala hajanitukana.

Mume wangu ananiambia nikae kimya, neno halitoboi. Linatoboa. Juzi wifi alipita na wageni wake dukani, akaniuliza, "Leo unasugua nini?"

Nilitaka tu kujua kama yupo mtu anayeweza kuitazama hiyo moja peke yake, akaandika kwenye karatasi kwamba mikwaruzo ya duara ni ya zamani, bila kuhitaji nyingine ya kulinganisha. Kama yupo nijibu kabla ya Jumamosi. Kama hayupo basi niambie nifanye nini na kijaluba.

Jina langu usiliweke. Na hilo neno sufuria litoe, wifi anasoma ukurasa wako, akiliona tu atajua ni mie.