Mafundo matatu ya kisogoni

Ndugu yangu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, barua yako nimeipata. Unasema swala tano huziachi, lakini alfajiri unaiswali jua likikaribia kuchomoza, unaamka mzito, na ibada haina ladha. Unangoja moyo upate nguvu kwanza, ndipo uongeze swala za usiku. Hapo ndipo sikubaliani nawe, maana Mtume (s.a.w.) ameupanga mwendo huu kinyume na unavyoupanga wewe.

Hadithi ni ya Abu Huraira, iko katika Bukhari na Muslim. Mtu akilala, shetani humfunga mafundo matatu kisogoni, na kwenye kila fundo humwambia: usiku bado mrefu, lala. Akiamka akamtaja Mwenyezi Mungu, fundo la kwanza hufunguka. Akitawadha, la pili. Akiswali, la tatu, na hupambazukiwa akiwa mchangamfu, nafsi yake imetulia. La sivyo, huamka na nafsi mbovu, mvivu. Ona uchangamfu ulipowekwa: mwisho, baada ya ulimi, maji na rakaa. Ukiungoja ukiwa bado umejifunika shuka, hauji.

Basi tuanze na usiku, kwa sababu wengi wanaokosa alfajiri wameshaikosa tangu saa 5 usiku. Mtume alichukia kulala kabla ya isha na mazungumzo baada yake. Siku hizi mazungumzo yenyewe yamo ndani ya simu, hayana mgeni wa kuaga akaondoka. Iache simu sebuleni au juu ya kabati, mbali na mkono, ili kengele ikilia ulazimike kusimama. Chakula kizito ukile mapema. Sahani ya wali wa nazi saa 4 usiku itakulaza kama gogo. Ukilala saa 4 na kuamka saa 10:30, umepata saa sita na nusu. Zikipungua, ongeza kailula, usingizi mfupi wa mchana, nusu saa kabla au baada ya adhuhuri.

Kitandani, soma Ayatul Kursiy, kisha Subhanallah 33, Alhamdulillah 33 na Allahu Akbar 34. Uradi huu wengi huupitisha mbio kama wanaohesabu chenji, na ni hasara, kwa maana chanzo chake ndicho jibu la swali lako. Bibi Fatima, binti wa Mtume, mikono ilimuuma kwa kusaga, akaenda kuomba mtumishi. Mtume aliwafuata yeye na mumewe Ali wakiwa wameshajilaza, akawafundisha hesabu hii, akasema ni bora kwao kuliko mtumishi. Aliyechoka kwa kazi za nyumbani akapewa dhikri! Ali hakuiacha tena; alipoulizwa, hata usiku wa vita vya Siffin? akajibu, hata usiku huo.

Sasa saa yenyewe ya kuamkia swala ya usiku. Theluthi ya mwisho ya usiku huhesabiwa kuanzia magharibi hadi alfajiri. Tuseme kwenu magharibi ni saa 12:30 na alfajiri saa 11:00. Huo ni usiku wa saa kumi na nusu, kila theluthi ni saa tatu na nusu, kwa hiyo ya mwisho inaanza saa 7:30. Huhitaji kuamka saa hiyo. Saa 10:30 imo humo humo, nayo inakuachia nusu nzima ya saa kabla ya alfajiri.

Ukifumbua macho, kabla hujagusa chochote, sema: Alhamdulillahi lladhi ahyana baada ma amatana wa ilayhi nnushur. Tawadha bila haraka. Anza na rakaa mbili nyepesi. Ndivyo alivyoelekeza Mtume, na ni rehema kubwa kwa mwili ambao bado una usingizi. Kisha witri, swala ya kufungia usiku, rakaa tatu au hata moja. Kama unachelea hutaamka, swali witri kabla ya kulala. Ukija kuamka, swali mbili mbili tu, witri usiirudie, kwani hakuna witri mbili katika usiku mmoja.

Kinachowaangusha watu ni pupa zaidi ya uvivu. Mtu husikia khutba nzuri Ijumaa, usiku ule akasimama rakaa 11 na juzuu zima, Jumanne hata alfajiri imempita. Mtume alikuta kamba imefungwa kati ya nguzo mbili msikitini; akaambiwa ni ya mkewe Zaynab, akichoka kuswali huishikilia. Akaamuru ifunguliwe: mtu aswali akiwa na nguvu, akichoka aketi. Ukisinzia ndani ya swala, rudi ukalale, maana unaweza kudhani unaomba msamaha kumbe unajilaani. Na sahaba Abdullah bin Amr alionywa asiwe kama fulani, aliyekuwa akisimama usiku kisha akaacha. Kwa hiyo rakaa mbili na witri moja, zisizokatika, nazipendelea kwako kuliko usiku mmoja wa kujivunia. Usiongeze mpaka mwezi upite, na kisimamo cha usiku kisikulie alfajiri: hiyo ni faradhi, na bora ukose sunna za usiku kuliko uswali faradhi jua limetoka.

Ladha usiitafute usiku wa kwanza wala wa pili, wala usijipime kila asubuhi. Utaanza kuiona mchana: hasira inakawia, kazi haikulemei.

Usiku mmoja usingizi utakushinda, au homa. Mtume akizidiwa na usingizi au maumivu, alikuwa akiswali rakaa 12 mchana. Wewe mwenye rakaa tatu, swali nne wakati wa dhuha, jua likishapanda, na usiku unaofuata uendelee kama kawaida.

Niandikie saa unayolala kwa kweli, si ile unayoikusudia, tupange upya pamoja. Nisalimie mama na watoto.

Wasalaam,
Nduguyo