MALALAMIKO: SIMU YA PENI MLIYONIUZIA TAWI LA MTWARA NA DHARAU NILIYOFANYIWA KAUNTA

Kwa Meneja Mkuu,
Makao Makuu, Dar es Salaam.

Kwa heshima zote naomba barua hii isomwe na mwenye maamuzi, isirudishwe Mtwara kwa walewale ninaowalalamikia.

Waranti yenu mnaijua wenyewe, risiti ya mashine ninayo, namba ya utambulisho wa simu (IMEI) iko kwenye boksi na kwenye mfumo wenu, kwahiyo sina haja ya kuanza hadithi ndefu. Mmeniuzia Samsung Galaxy S22 Ultra, ile simu inayokuja na peni yake ya kuandikia kwenye kioo, mkasema mpya ya boksi na kioo chake hakisomi peni. Sisemi kinasoma kwa shida, hakisomi kabisa. Kidole kinafanya kazi, peni haifanyi, na mimi peni ndio nilifuata, simu ya kupigia nilikuwa nayo.

Naomba mnielewe hapa kwasababu yule kijana wenu alinichukulia kama mtu aliyeona kioo kikubwa akatamani. Mimi ni fundi cherehani, niko Masasi, nachora mishono mbele ya mteja, mteja anataka aone shingo itakaaje na mkono utashukaje kabla sijatia mkasi kwenye kitenge chake. Hizi simu nilizichunguza kabla ya kutoa hela. Note 20 Ultra ya 2020 niliiacha kwasababu ndio ya mwisho kwenye zile simu za Samsung za Note, zilizobaki sokoni nyingi zimeshapita mikono ya watu. S21 Ultra inakubali peni lakini haina tundu la kuichomeka, peni unanunua pembeni, na mezani kwangu kwenye vipande vya vitambaa peni isiyo na pa kukaa inapotea. S25 Ultra siiwezi bei, halafu peni yake wameshaitoa bluetooth. S22 Ultra ina inchi 6.8, peni inalala humohumo ndani, na kilichonimaliza kabisa ni kwamba kioo kikiwa kimezimwa unachomoa peni unaandika palepale kwenye weusi, kifua, kiuno, nyonga, urefu, hutafuti daftari hufungui loki, futi iko shingoni na mteja kasimama. Ukikandamiza mstari unanenepa ukilegeza unakuwa mwembamba, ndivyo unavyochora mkunjo wa gauni ukaonekana mkunjo kweli. Hicho ndio nililipia milioni mbili na laki moja.

Siku ya kununua niliomba nijaribu peni palepale, kijana akasema simu haina chaji, ukachaji nyumbani mama, hizi zote zimetoka kiwandani ziko sawa. Nimefika Masasi nimechaji, nachomoa peni, nachora, hakuna kitu. Peni hizi ukiisogeza karibu na kioo hata kabla haijagusa kinatakiwa kitokee kidoti kinachofuata ncha. Hakikutokea juu, hakikutokea katikati, hakikutokea chini.

Nikapanda gari nikarudi, na Masasi mpaka Mtwara mjini ni karibu kilomita 200, msimu wa korosho huu, watu ndio wana hela za kushona, nimeacha kazi za watu mezani. Nafika kaunta najieleza kwa adabu, kijana anaipokea simu, anapitisha KIDOLE chake kwenye kioo, anasema "mbona inaandika?" Namwambia jaribu na peni. Akaniangalia akasema kwa sauti, "Mama, hii ni peni ya simu, sio sindano, ukiidunga kama unashona lazima isumbue." Duka zima likacheka.

Halafu ndio sababu zikaanza kutoka moja baada ya nyingine. Mara kava lako lina sumaku. Ni kweli sumaku inasumbua hizi peni, ila kava langu ni la mpira tupu, na nilishalivua akiona. Mara peni haijapata chaji. Jamani! Peni ya hii simu chaji yake ni ya bluetooth tu, ya kupigia picha kwa mbali na mambo kama hayo, kuandika hakuhitaji chaji hata kidogo kwasababu ni simu yenyewe ndio inaisoma peni, kuna tabaka chini ya kioo linalotoa sumaku ya umeme. Mtu anayeuza simu ya mamilioni hajui hilo, au anajua ananidanganya, chagueni wenyewe lipi ni afadhali.

Nikaenda kwa fundi simu. Akapiga *#0*# ikafunguka menyu ya majaribio, kioo kinaitika kidole kote, upande wa peni kimya. Nina mteja wangu ana S22 Ultra kama hii, tukabadilishana peni: ya kwangu kwenye simu yake inaandika vizuri kabisa, ya kwake kwenye simu yangu haiandiki. Kwahiyo peni ni nzima. Fundi akaonyesha pembeni kwenye fremu, gundi imetokeza, nyeupe, unaikwangua kwa kucha inatoka. Akasema hiki kioo kilishabadilishwa, kimewekwa cha kopi kisichosoma peni. Na msiniambie habari ya namba ya IMEI, nimeshaituma 15090 ya TCRA ya kuhakiki simu, imesoma sawa, namba iko kwenye bodi haiko kwenye kioo. Mmechukua simu iliyotumika mkaivalisha boksi jipya, kama mwenye ghala anayetia korosho nzuri juu ya gunia na chini ameweka mbovu.

Naomba nirudi palepale kaunta kwasababu nikilala naiona. Nilisema duka lilicheka, sikusema ni nani walikuwepo. Alikuwepo mama mmoja wa Mtwara ambaye nimemshonea nguo za harusi ya binti yake, alikuwepo na huyo binti. Kijana ameishika peni yangu juu hivi, kwa vidole viwili, anawaonyesha watu, anaidungadunga hewani anaigiza mtu anashona, "sio sindano mama, hii sio sindano". Na msimamizi wa tawi alikuwa amekaa pembeni anahesabu hela, aliinua macho akaona, akarudi kuhesabu. Sindano ndio imenisomeshea wanangu. Hela mliyopokea bila kuuliza ni ya sindano. Nikaomba namba ya makao makuu, nikaambiwa "andika barua." Haya, nimeandika.

Mwanzo nilikuwa nataka kitu kidogo tu, mnibadilishie simu, mnipe yenye kioo cha kiwandani, ijaribiwe na peni mbele yangu ikiwa na chaji. Hiyo ilikuwa mwanzo. Sasa nataka hela yangu yote irudi, milioni mbili na laki moja, pamoja na nauli zote na hela ya fundi. Nataka yule kijana aniombe radhi akiwa amesimama palepale kaunta, saa za watu, na msimamizi wake pembeni yake, hiyo ya kunipigia simu pembeni sipokei. Na nataka simu zote za peni zilizobaki tawi hilo zifunguliwe zikaguliwe, maana sidhani kama mimi ndio wa kwanza.

Nawapa mpaka Ijumaa ijayo. Ikipita, hii simu na gundi yake naipeleka FCC, Tume ya Ushindani, pamoja na risiti, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kuuza kilichotumika kwa jina la kipya. Na mafundi wenzangu Masasi, Newala, Tandahimba mpaka Lindi tuna makundi yetu ya WhatsApp, wengi wananiuliza kila siku ile simu ya kuchorea nimeipata wapi, mpaka sasa nimenyamaza kwa heshima yenu. Ijumaa jioni nitawajibu wote, na picha ya risiti nitaiweka.

Simu ninayo, sijaifungua zaidi ya alipoishia fundi. Yeyote mtakayemtuma aje na peni yake.

Mteja wenu,
Fundi cherehani, Masasi, Mtwara.