Barua ya wazi kwa Daktari wa Mifugo wa Kaunti ya Lamu: sumu iishe, tuleteeni chanjo

Daktari, asalaam aleikum.

Mimi ni mkaazi wa Langoni, nimezaliwa hapa hapa. Juzi alfajiri nikitoka msikitini nikakuta paka wanne kwenye uchochoro nyuma ya nyumba yetu, watatu washakufa na mmoja bado anapumua, povu mdomoni, miguu imekakamaa, na pembeni kuna vipande vya nyama vilivyobaki. Nikachutama pale mpaka akatulia. Ni yule jike wa manjano anayelala chini ya meza ya muuza samaki kila asubuhi akingoja matumbo ya changu, na alikuwa ananyonyesha, vitoto vyake tumevikuta mchana juu ya makuti, vitatu, macho hata hayajafunguka.

Aliyeweka sumu simjui na sitaki kumdhania mtu. Lakini uchochoro ule ndio watoto wanapita kwenda madrasa, jamani, na mtoto wa miaka miwili akiona kitu chini anaokota anatia mdomoni.

Nakuandikia wewe manake Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kusimamia wanyama na maslahi yao, hadi leseni za mbwa, na ukatili kwa mnyama ni kosa kwa Sura ya 360 ya sheria zetu. Kwa hivyo naomba itangazwe wazi, kwa vipaza sauti mitaani, kwamba kutega sumu ni kosa.

Wanaolalamika nawaelewa, paka wamezidi kweli, wanapigana usiku kucha, wanakojoa mlangoni. Sasa paka jike akifika miezi minne mitano anaweza kubeba mimba, na mimba yenyewe ni kama miezi miwili tu, alafu utaua wangapi? Ukimaliza wa hapa, maadamu matumbo ya samaki bado yanatupwa, watakuja wengine wa mtaa wa pili, na kabla hawajafika panya washajaa kwenye mitaro na stoo za mchele. Kinachopunguza ni kuwahasi, wakatwe ncha ya sikio kidogo ili wajulikane, warudishwe pale pale walipotolewa. Wapo wazee watakaoona kuhasi si sawa, naomba mkae na maimamu mapema kabla ya kuanza, wasije wakasikia mambo yakiwa tayari.

Na mbwa, hasa huko Mokowe na Hindi, watu wanawaogopa na wana haki, kichaa cha mbwa dalili zikishatokea karibu hakuna anayepona. Lakini hapo ndipo chanjo inapohitajika, mkichanja mbwa 70 katika kila 100 ugonjwa unakosa pa kupitia, na mkimuua aliyechanjwa mnaacha nafasi ya asiyechanjwa. Serikali yenyewe imepanga kuumaliza ugonjwa huu ifikapo 2030. Tena watu wafundishwe, ukiumwa osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 alafu nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje.

Mimi nina matenga mawili ya kuku na taulo nzito, na vijana watano wa mtaa wamesema watasaidia kuwashika paka wa Langoni. Vile vitoto vitatu viko nyumbani, dada yangu anavinywesha maziwa kwa bomba la sindano kila baada ya saa tatu. Tupe tarehe na mahali pa kuwaleta, Daktari, tutafika.