Mama, wamemwandika

Shikamoo Mama,

Sisi huku wazima, ila mjukuu wako hatupi usingizi.

Juzi kwenye simu ulicheka ukauliza, "Mtoto kafanana na marehemu babu yake hadi masikio, wanataka ushahidi gani tena?" Mama, England hawaangalii masikio wanapoandika jina la baba kwenye cheti cha kuzaliwa. Mimi na mama yake hatujafunga ndoa (najua, hilo tulishalizungumza), kwa hiyo sheria hainihesabu kuwa baba hivi hivi. Kwa wenye ndoa, mume ndiye anayechukuliwa kuwa baba, hata mama akienda kusajili peke yake. Sisi ilibidi twende wote wawili, ndani ya siku 42 tangu mtoto azaliwe.

Msajili alitusomea kila kitu polepole, jina letu la ukoo akaliuliza mara mbili. Kisha akanipa kalamu yenye wino wao maalumu, ule unaozidi kuwa mweusi kadiri siku zinavyopita. Mkono ulinitetemeka, sikufichi. Kuandikwa pale ndiko kunakonipa haki na wajibu wa mzazi: kukubali matibabu, kuamua shule. Wasio na ndoa zamani hata wakiandikwa hawakuipata haki hiyo. Ilibadilika tarehe 1 Desemba 2003.

Mwenzangu mmoja kazini hakwenda. Alitoka zamu ya usiku, akapitiwa na usingizi, mama mtoto akasajili peke yake na nafasi ya baba ikabaki tupu. Jina huweza kuongezwa baadaye mama akiridhia, lakini hao wawili hata salamu hawapeani tena. Wameishia mahakamani, wanasubiri majibu ya DNA. Kipimo chenyewe ni kijiti cha pamba kinachosuguliwa ndani ya shavu, basi. Mtu mzima hapimwi kwa nguvu, ila akigoma, hakimu anaruhusiwa kuuchukua ule mgomo kama jibu. Linaloniudhi mimi ni kwamba ile nafasi tupu haimwondolei wajibu wa matunzo: mtoto akithibitika ni wake, atalipa, na kwenye maamuzi bado hana kauli mpaka aipate kisheria.

Picha ya cheti nimeituma kwenye simu ya dada, mwambie akukuzie. Jina la Baba ndilo la pili la mtoto, na limeandikwa sawasawa, bila ile herufi waliyoikosea kwenye pasi yangu.

Mwanao