"Generalize" si kujumlisha hesabu

Mhariri,

Nimefundisha Kiingereza sekondari kwa miaka mingi hapa Tanga, na kitenzi "generalize" kimenisumbua kuliko vyote. Kila nilipokiandika ubaoni wanafunzi walisema "kujumlisha", na wengine wakaelewa mbili na tatu ni tano. Sikuwalaumu, maana jumla tumeizoea dukani na kwenye daftari la hesabu.

Kikifuatwa na "from", maana yake ni kuona mifano michache ukapata kanuni. Mjukuu wangu alisikia kitabu–vitabu na kiti–viti, akasema mwenyewe "visu" bila kufundishwa. Ni akili hiyo! Kisha akasema "kiu changu", kwa sababu neno linaanza na ki-, na hapo kanuni ikamponza.

Kikifuatwa na "about", mara nyingi ni kulisemea kundi zima la watu, nako ndiko tunakoumizana. Juzi ndani ya daladala kondakta alimzidishia nauli mama mmoja, abiria wakasema makondakta wote wezi. Mdogo wangu ni kondakta. Aliwahi kuzunguka siku nzima akimtafuta abiria aliyesahau simu. Methali ya samaki mmoja akioza ni kweli kwa samaki wa tenga moja. Watu hawakai tengani.

Basi naomba wanaotafsiri habari gazetini wasiandike "amejumlisha" kila mahali. Anayewalaumu wengi kwa kosa la mmoja, andikeni hivyo hivyo: amewahukumu wote kwa kosa la mmoja.

Mwalimu mstaafu,
Tanga