Sanduku la wapagazi

Lindi,
Jumapili jioni

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, ila baraza ya mwenzetu imepoa. Najua ulivyoumia kwa kukosa mazishi. Tulimzika baada ya alasiri, na watu walijaa hata jeneza nililigusa mara moja tu, likapokewa na mikono mingine.

Jana shemeji alinikabidhi lile sanduku. Alisema, "Aliniambia hili lako," akageuka akaingia ndani. Nimelifungua leo peke yangu. Askari wote wa mchezo wetu wa vita wa ubaoni wamo, wale wa mpingo, kila mmoja urefu wa pingili ya kidole: Keya, yaani askari Waafrika wa Waingereza (KAR), Wanijeria, kampuni za Wajerumani. Bombomu, zile bunduki za rashasha, za njiti za kiberiti zimo. Vichaka vya dodoki vimepauka rangi. Na chini kabisa, wamefungwa kwenye kipande cha kanga, wapagazi. Nimewahesabu, wako 64.

Unakumbuka tulivyogombana naye juu ya hao? Sisi tulitaka vita ya Mahiwa, ile ya Vita Kuu ya Kwanza, kama tulivyoisoma: siku nne, tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, Waingereza karibu 5,000 wakipanda kutoka Lindi, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na watu wake wapatao 1,500 wamejichimbia vichakani. Tulitaka kurusha dadu na kufyatua mizinga. Yeye akaja na kanuni yake: kampuni isiyo na wapagazi wawili nyuma yake haisogei hata kidole kimoja. Wewe ukasema anaharibu mchezo. Akajibu taratibu, huku akipuliza vumbi la mpingo kwenye kisu, "Risasi zilifikaje Mahiwa? Zilipanda basi?"

Tangu siku hiyo sikuwahi tena kuiona vita ile kama mambo ya majenerali. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita nzima ya Afrika Mashariki, zaidi kwa njaa, kuhara na homa kuliko kwa risasi, na wengi hawana hata kaburi linalojulikana. Dar es Salaam watu wanashuka Kariakoo kila siku, na jina lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Yeye hakuwa mtu wa hotuba. Alichonga tu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na mzigo wake kichwani, na hakuna miwili iliyofanana.

Mchezo ninaoukumbuka kuliko yote ni ule nilioshika upande wa Wajerumani. Nilijua Beves, jenerali wa Waingereza, atakuja moja kwa moja, maana ndivyo alivyofanya kwenye kilima cha Reata mwaka 1916, na Lettow mwenyewe alilitegemea hilo. Nikarundika kampuni zangu pale pale. Ukapoteza watu zaidi ya nusu, kama Waingereza wenyewe walivyopoteza wapatao 2,700. Nilisimama nikashangilia. Mwenzetu akafungua daftari lake, akanionyesha hesabu ya risasi zilizobaki, akasema, "Sasa rudi nyuma." Nilikasirika wiki nzima. Lakini ndivyo ilivyokuwa: Lettow alishinda Mahiwa na bado akalazimika kuondoka, na tarehe 25 Novemba akavuka Ruvuma pale Ngomano, akaingia Msumbiji.

Halafu ile safari yetu ya basi, Mnazi Mmoja, Mtama, mpaka Nyangao. Ulikuwa msimu wa korosho, harufu ya mabibo njia nzima. Wewe na mimi tulikuwa tunatafuta mahandaki. Yeye alivua viatu, akajitwika gunia la korosho la mwenyeji mmoja, akatembea nalo juani kutoka barabarani hadi mtoni akihesabu hatua. Aliporudi shingo inatetemeka. Hakusema kitu, akaandika tu kwenye daftari. Jumamosi iliyofuata mwendo wa wapagazi ulikuwa umepunguzwa.

Wa 64 hajamalizika. Uso upo, mzigo upo, miguu bado ni kijiti. Kisu nimekikuta humo humo. Sitamgusa, atawekwa ubaoni hivyo hivyo, nyuma ya kampuni ya Keya.

Arobaini yake itaangukia Jumamosi. Baada ya khitma nitatandika ubao barazani kwake, shemeji ameridhia, na kijana wake mkubwa ameomba afundishwe. Uje na zile dadu nyekundu ulizoondoka nazo. Hapa zimebaki mbili, na moja kona yake imelika.

Wako,
ndugu yako wa Lindi