Shoga yangu, Bi Mkubwa asingoje tena

Tanga

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, na watoto wanakusalimu.

Umeniuliza kama ni kweli kwamba mtu wa umri wa mama yako, Bi Mkubwa, hapasuliwi tena mtoto wa jicho. Si kweli hata kidogo. Mtoto wa jicho huwapata zaidi wazee, na wodi niliyokaa na mama yangu kule hospitali ya KCMC, Moshi, ilikuwa na vikongwe waliomzidi Bi Mkubwa umri. Madaktari hawakuuliza sana miaka. Waliuliza sukari, presha, na kama mgonjwa anaweza kulala chali akatulia.

Nikwambie nilichokiona Pangani nilipokwenda siku ya Iddi, maana kwa simu hutaambiwa. Bi Mkubwa alinijua kwa sauti. Aliponishika mkono aliupapasa mpaka kwenye bangili, ndipo akacheka. Kikombe cha chai anashikishwa, chooni anapelekwa na mjukuu, na ukili aliokuwa akisuka umeviringishwa juu ya kabati. Ndugu zako wanamtunza, tena kwa mapenzi, wala sitaki uwagombeze. Lakini matunzo hayo yamewazoesha. Kwa kuwa kila kitu anafuatwa nacho alipokaa, nyumba nzima imesahau kwamba yule mama haoni. Nilipomkazania akanijibu, "Mwanangu, mimi wa leo kesho, macho ya nini?" Hayo ni maneno ya mtu anayeogopa kuwa mzigo, shoga yangu. Usiyachukue kuwa ameridhika.

Na hili linaniuma zaidi kwa sababu ni la kina mama. Baba akishindwa kusoma msahafu, ukoo mzima unachanga nauli. Mama akishindwa kuona mlango, anaambiwa akae.

Huyo jirani yenu anayesema jicho hutolewa nje, likasafishwa, likarudishwa, amewatia watu hofu bure. Jicho halitoki mahali pake. Nyuma ya mboni kuna lenzi, na uzeeni lenzi hiyo huingia ukungu, kama kioo cha kandili kilichoshika masizi ilhali utambi unawaka vizuri. Daktari huchoma sindano ya ganzi pembeni mwa jicho, hufungua njia ndogo, akaitoa lenzi iliyochafuka na kuweka ya plastiki, ambayo hukaa humo maisha. Mgonjwa yu macho na anasikia mazungumzo. Mama yangu alikuwa akivuta uradi moyoni, na kabla hajafika mbali akaambiwa tayari. Kwa kawaida kazi yenyewe haifiki hata nusu saa.

Unawakumbuka wale wazee wa utotoni mwetu waliovaa miwani ya vioo vinene mno? Wengi wao walitolewa lenzi wasiwekewe nyingine. Aliyeanzisha kuweka lenzi ya bandia ni Harold Ridley, daktari wa London, mwaka 1949. Alikuwa amewatibu marubani wa vita waliorukiwa machoni na vipande vya plastiki vya ndege zao, akaona macho hayakuvikataa. Wenzake walimpinga miaka mingi. Bei nayo ilikuwa kubwa, mpaka hospitali ya Aravind kule Madurai, India, ilipoanza kujitengenezea lenzi mwaka 1992 na kuzisambaza nchi nyingine kwa bei inayobebeka. Msimulie Bi Mkubwa hayo, kwani yeye hapendi kuwekewa kitu mwilini asichojua asili yake.

Sasa hili la kaka yako kwamba "mtoto wa jicho hajakomaa, tungoje aive." Zamani lilikuwa na maana, kwa upasuaji wa zamani. Siku hizi kungoja ndiko kunakoharibu. Lenzi ikikaa sana huwa ngumu, kazi ya daktari ikazidi. Nyingine huvimba au huvuja, presha ya jicho ikapanda, jicho likauma na mshipa wa kuonea ukafa. Ikifika hapo, hata mtoto wa jicho akitolewa, nuru iliyopotea hairudi. Mboni ya jicho lake la kulia nimeiona nyeupe kabisa, ndiyo maana nakuharakisha. Na yale maji ya majani wanayomtia yakome leo hii. Hakuna tone, la mti wala la dukani, linaloondoa mtoto wa jicho, na hayo ya majani yanaweza kumletea kidonda juu ya jicho.

Sitakuahidi miujiza. Kama sukari imeharibu nyuma ya jicho, au presha ya jicho imekwisha kula mshipa, hataona kama zamani, na ndiyo maana wanapima kwanza kabla ya kumgusa. Ya karibu huenda akahitaji miwani. Wataanza na jicho moja, lingine lifuate baadaye.

Baada ya hapo kazi ni yenu. Matone hutiwa wiki kadhaa, na anayetia awe mtu mmoja anayejulikana, kwa sababu mkiwa wengi kila mmoja hudhani mwenzake ametia. Asisugue jicho, asijimwagie maji usoni, asiinue ndoo. Mama yangu aliambiwa asiiname, basi akasali kwenye kiti mpaka aliporuhusiwa. La udhu mumuulize sheikh wenu mapema, maana Bi Mkubwa hatakubali kuguswa kabla hajajua atasalije. Jicho likiuma sana, likiwa jekundu au nuru ikipungua, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo, msingoje miadi.

Mama alipofunguliwa bandeji asubuhi yake, hakulia wala kupiga vigelegele. Alimtazama muuguzi, akamwambia kifungo chake kimoja kimekatika. Siku hizi anachambua mchele mwenyewe, na nikiuchambua mimi anaurudia.

Nimekwisha kusema na mume wangu, nami niko tayari kumpeleka Bi Mkubwa Moshi na kukaa naye mpaka atoke. Mjukuu wake mkubwa aje nasi, ndiye atakayejifunza kutia matone. Wewe nakutaka mambo mawili. Tuma nauli na gharama za vipimo kwa jina la dada yako, pesa zisije zikazunguka. Na Ijumaa baada ya sala piga simu uzungumze na Bi Mkubwa mwenyewe, si na kaka. Mwambie wewe ndiye unayetaka aone. Akikwambia habari za leo kesho, usikate simu mpaka akupe siku.

Wasalimu wote hapo Muskat.

Shoga yako akupendaye